Gari Lisilojua Kurudi Nyuma

Kiti changu cha kupokelea ada pale hamamuni, bafu la mtaa mzima, kiko juu, katikati ya ukuta: kushoto wanaume, kulia wanawake. Nikikaa hapo nasikia pande zote mbili, na wao kwa wao hawasikiani wasipopiga kelele. Kwa hiyo Fundi Kurachi alipokuwa kushoto anajisifu kwamba gari lake la kwanza limekamilika, na kulia mkewe Masue anamnong'oneza jirani kwamba gari lenyewe halina rivasi, nilijua tu kwamba mwezi huo tutacheka.

Kurachi alikuwa mhandisi wa injini za ndege wakati wa vita. Vita vikaisha, ndege zikapigwa marufuku, naye akarudi kwenye banda la nyuma ya nyumba yake akatundika kibao: KAMPUNI YA MAGARI KURACHI. Kampuni ilikuwa ni yeye, Masue, na kuku waliogoma kuhama. Humo ndimo alimotengeneza gari la magurudumu matatu, moja mbele, mawili nyuma, lenye usukani kama wa baiskeli na mlio kama wa mzee anayekohoa.

"Sasa rivasi umeisahau?" nilimuuliza siku moja alipokuwa anavua viatu.

"Sikuisahau, mama Wakao. Umeona wapi ndege ikirudi nyuma?"

"Ndege haiingii kwenye vichochoro vyetu."

Akasogea karibu. "Gia imenishinda. Nikiitia inasaga kama mtu anatafuna kokoto, nikaing'oa. Lakini usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Niliwaambia watu, tena wale ninaowaamini. Baada ya siku chache mtaa mzima ulikuwa unajua, isipokuwa mzee Mizoguchi mwenye kiwanda cha miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu. Yule ana bafu lake nyumbani, ndiyo maana huwa hajui kitu.

Na bahati mbaya, mteja mwenyewe ndiye huyo huyo. Mizoguchi alikuwa anamwoza bintiye Fumie kwa wauza mchele, ng'ambo ya mfereji. Alitaka gari liwe sehemu ya vyombo vya bibi harusi: lipakie makabati, magodoro, kioo na cherehani, lifike, kisha libaki huko huko kwa mkwe. Likifika bila aibu, angelinunua na kuagiza mengine ya kubebea mapipa yake. Likileta aibu, basi.

"Na hilo 'basi' ulielewe vizuri," Masue alimwambia mumewe. "Ukishindwa hapa, Jumatatu unaenda kwa kaka yangu kutia figili chumvi."

"Mimi mhandisi, Masue!"

"Figili hazitakuuliza cheti."

Siku ya harusi ilichaguliwa kwa kalenda, siku ya heri kuliko zote za msimu ule. Akina Mizoguchi walipanda juu ya paa wakaturushia peremende, kama ilivyo desturi ya harusi kwetu, nami nilipata nyingi kwa sababu nina viwiko. Gari likafungwa vitambaa vyeupe na vyekundu. Mshenga akapanda mbele na bahasha zake za pesa kifuani, za kumtuliza yeyote atakayetupisha njiani, kwa kuwa gari la vyombo vya bibi harusi halirudi nyuma hata shubiri. Likirudi, na bibi harusi naye atarudi kwa baba yake.

Kurachi aliwasha injini huku akitabasamu. Masue akamwinamia sikioni: "Leo mila zimekufunika. Shukuru mababu uende."

Akaenda vizuri kabisa mpaka kwenye daraja jembamba lililo mbele ya hamamu yangu, nami nimeshawahi dirishani. Hapo akakutana uso kwa uso na lori nalo limefungwa vitambaa vyeupe na vyekundu.

Siku ya heri ni ya heri kwa kila mtu. Lile lori lilikuwa la mzee Inukai, muuza vyungu, naye anamwoza binti yake upande wetu.

Washenga wawili wakashuka. Wakainamiana. Wa kwetu akatoa bahasha kwa mikono miwili: "Tafadhali, tunawasumbua, mtupishe."

Wa kwao naye akatoa ya kwake: "Sisi ndio wasumbufu, ndugu yangu. Pokeeni, mtupishe nyinyi."

"Haiwezekani, nitakuwa nimekosa adabu."

"Nikikukubalia, adabu itakuwa imenikosa mimi."

Wakaendelea kuinamiana hivyo mpaka kofia ya mmoja ikaangukia mferejini. Wateja wangu walitoka wakiwa na taulo vichwani, wengine na sabuni masikioni, kwa sababu nani atabaki ndani ya maji moto mambo yakiwa nje?

Mzee Mizoguchi akafika nyuma kwa teksi pamoja na bintiye. Alipoona hali, alimvuta Kurachi pembeni, pale pale chini ya dirisha langu.

"Fundi," alinong'ona, "rudi nyuma kidogo tu. Nitafumba macho. Mshenga nitamwambia afunge kamba ya kiatu."

Kurachi akapauka. Kisha akapandisha sauti hadi ng'ambo wakasikia: "Mimi? Nimrudishe nyuma binti yako siku ya harusi yake? Afadhali nife, mzee!"

Watu wakapiga makofi. Masue akatazama mawinguni.

Lakini Mizoguchi hakutajirika kwa ujinga. Alimwangalia Kurachi, akaliangalia gari, akayaangalia makundi ya watu wa taulo wanaobana vicheko. "Fundi. Hebu nionyeshe gia ya rivasi."

"Iko... mambo ya ndani, mzee. Ya kitaalamu."

Hapo mlango wa teksi ukafunguliwa. Fumie akateremka na vazi lake zito la harusi, mwanamke mmoja huku na mwingine huku wakimshikilia pindo. "Baba, nina njaa tangu asubuhi, na nywele hizi za bandia za harusi zina uzito wa pipa. Fundi, sema ukweli. Linarudi nyuma au halirudi?"

Kurachi alimtazama mkewe, halafu nadhani alizitazama figili. Mabega yakashuka.

"Halirudi, binti. Gia ilinishinda. Halijarudi nyuma tangu lizaliwe."

"Hata ukitaka?"

"Hata nikilia."

Mizoguchi alivuta pumzi ya kumtukana, lakini Fumie alianza kucheka mpaka wanawake wa pindo wakamshika asije akaanguka. Akawageukia akina Inukai:

"Mmesikia? Lenu linaweza kurudi, mnalizuia tu. Letu haliwezi hata likitaka! Sasa nambieni nani ana bahati hapa?"

Mzee Inukai ana mabinti wengine watatu nyumbani, na mkubwa wao alisharudishwa na mume mara moja. Alilisogelea gari letu, akaligusa kwa heshima kama anagusa farasi wa hekaluni.

"Kweli haliwezi?"

"Kweli," alisema Kurachi, na sasa kifua kilianza kurudi mahali pake.

Ndipo mimi nikapiga kelele dirishani, maana maji yangu yalikuwa yanapoa: "Mzee Inukai! Shusha vyombo vyako, watu wangu wavibebe kwa mkono wavivushe, mbele kwa mbele! Lori tupu si la harusi, lirudi linakotaka!"

Kusema kweli ndivyo ilivyokuwa. Wanaume wa taulo walibeba makabati ya akina Inukai wakiyapitisha ubavuni mwa gari letu, na taulo mbili zilipotea, wenyewe wanajua zilikoishia. Lori likarudi nyuma likiwa tupu. Kurachi akavuka akikohoa na injini yake. Kabla hajafika ng'ambo, Inukai alishamfuata kwa miguu akiagiza gari kwa kila binti.

Mizoguchi naye alilipa. "Lakini yangu ya kazini uyatie rivasi," alisema. "Mapipa hayaolewi."

Basi Kampuni ya Magari Kurachi ikawa na watu kweli, na kuku wakahama wenyewe kwa kelele. Yenye rivasi yalinunuliwa na wafanyabiashara. Yasiyo nayo yalinunuliwa na kila mzazi mwenye binti kuanzia kwetu hadi Nagoya.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Fumie aliingia hamamuni peke yake, na kifurushi mkononi. Akapiga hodi kwa sauti. Upande wa wanaume Kurachi, aliyesikia sauti yake, aliangusha ndoo.

"Fumie," nilimuuliza polepole, "umerudi?"

"Nimekuja mara moja. Huyo mhandisi yumo?"

"Si mimi niliyekurudisha!" Kurachi alipiga kelele toka ng'ambo ya ukuta. "Umekuja na nini?"

"Na basi."

"Mabasi yana rivasi! Mimi simo!"

"Tulia, fundi. Mume wangu hana neno. Ameliingiza gari ghalani, uso ukutani, na nyuma ameshapanga magunia. Baba mkwe anauliza: tutalitoaje?"

Nilimsikia Kurachi akiokota ndoo yake.

"Mwambie," akajibu, "ghala zuri linahitaji mlango wa pili."