Mjomba wa Mheshimiwa Pelling

Zilibaki siku nne kukabidhi tasnifu, na Obadiah Pelling, marehemu wa miaka mingi, alikuwa bado anamtoa Prisca jasho. Pelling huyo alikuwa mbunge wa Ohio, Marekani, karne ya kumi na tisa. Alianza na uwakili, akachaguliwa mara mbili kwenda Washington, akavuma kweli kweli, halafu ghafla akaacha siasa na kurudi kijijini kwao. Kwa nini? Msimamizi wa Prisca chuoni Mzumbe alimweleza wazi kwamba tasnifu isiyojibu swali hilo haipiti. Isipopita, atarudia mwaka.

Prisca alikuwa amepanga Mlali kwa Bi Sabra, Mluguru mkulima wa nyanya, mama asiyepitwa na habari. Jioni hiyo, wakichambua mchicha uani, alitaka kumjua huyo Mzungu anayemnyima mpangaji wake hamu ya kula. Prisca akasimulia: baba alifariki mapema, mtoto akalelewa na mjomba.

"Na huyo mjomba aliishia wapi?"

Prisca hakujua. Nakala za barua za Pelling kwa mjomba wake alikuwa nazo, zaidi ya thelathini, ila aliziruka. Kwao Uchagani mtoto ni wa ukoo wa baba, akaona za mjomba ni salamu tu.

Bi Sabra akaweka ungo chini. "Mwanangu, sisi ukoo wetu unatoka kwa mama. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Umeandika maisha ya mtu, mwenye mtoto umemwacha nje."

Asubuhi Prisca akazifungua zile barua. Jibu lilikuwa kwenye barua ya mwisho: mjomba alikuwa amepofuka. "Wewe ulinifundisha kusoma," aliandika Pelling. "Sasa narudi nikusomee."

Tasnifu ikapita. Prisca alirudi Mlali mbio, akamsomea Bi Sabra ukurasa wa shukrani, ambao jina lake lilitangulia yote. Mama wa watu alitaka arudie mara mbili, akacheka, kisha akauliza, "Na mjomba wa kwako je?"

Mjomba Bartholomeo alimpeleka shule kwa baiskeli miaka saba, mvua na jua, na Prisca hakumwandikia humo hata mstari mmoja. Akachukua kalamu, akaandika jina la mjomba juu ya la Bi Sabra, na mwenye nyumba hakulalamika. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akaitikia marahaba, akauliza kwa wasiwasi kuna tatizo gani.

"Hakuna tatizo," Prisca akasema huku machozi yakimtoka. "Nimepiga nikusomee."