Mchawi wa Daraja la Sita

Bernadina alipoingia uani, Benigna alikuwa amepiga magoti kwenye kitalu cha miche ya kahawa, na hakuinuka. Alidhani ni mtu aliyepotea njia. Tangu amzike mwanawe mwezi wa tatu, watu wa Nshamba walimsalimia kutoka barabarani, tena bila kusimama.

“Kasinge, waitu,” msichana alisalimia. “Mimi ni Bernadina, wa posta ya Muleba. Nilikuwa nikicheza na Ildefons.”

“Mkicheza nini, na ndevu zake zile?”

“Ule mchezo wa kwenye boksi, mama. Lenye picha ya joka.”

Boksi hilo Benigna alilijua. Alikuwa akilitumia kuzuia mlango wa chumba cha marehemu usijifunge kwa upepo. Mzungu mmoja aliyewafundisha hesabu sekondari kule Bukoba aliwaachia vijana wanne mchezo huo alipomaliza mkataba wake, nao wakaendelea kuucheza kila Jumamosi, hata walipopata kazi. Mujuni akafa. Kaijage akahamia Mwanza. Kisha Ildefons akarudi kwa mama yake na kulala miezi minane na ugonjwa ambao watu waliupa jina la kitambaa, Juliana, ili wasilazimike kuutaja. Alibaki Bernadina peke yake, na mchezo ule mtu hauchezi peke yake.

Benigna alinawa mikono, akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, akamnyooshea mgeni huku akimtazama vidole. Siku hizi majirani walishukuru bila kuchukua, wakihofia kuambukizwa. Bernadina alichota kiganja kizima akaanza kutafuna.

“Haya, sema shida yako,” Benigna alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyokusudia.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, kaandikwa kwenye karatasi. Mtu huyo akishinda hatari anapata alama. Alama zikitosha anapanda daraja, anakuwa na nguvu zaidi na kujua mambo mapya.

“Kama sisi serikalini,” Benigna alisema.

“Kama ninyi, ila huyu hupanda kweli.”

Benigna, bibi shamba mwenye stashahada aliyekaa daraja lilelile miaka saba, alikohoa ili asicheke.

“Lakini alama peke yake hazitoshi, mama. Lazima ufundishwe na mtu wa kazi yako hiyohiyo, aliyekuzidi daraja. Kwenda daraja la tano ni majuma matano ya kufundishwa. Alama ninazo tangu mwaka jana. Mwalimu wangu alikuwa Rugaibula, mtu wa Ildefons. Aliniahidi tutaanza akipata nafuu.”

“Kazi gani hiyo?”

Bernadina alitazama rozari iliyoning’inia juu ya mlango. “Uchawi.”

“Mwanangu alikuwa mchawi? Ndani ya nyumba hii?”

“Wa daraja la sita, mama.”

“Na Padre alijua?”

“Alijua. Aliuliza kama kwenye mchezo huo angeweza kuwa askofu.”

Safari hii Benigna alicheka wazi. Halafu akauliza alichotakiwa yeye kufanya, maana hakuona mtu wa kubuni aliyekufa angemfundisha nani.

“Rugaibula hajafa,” Bernadina alisema. “Aliyekufa ni aliyekuwa akimcheza. Kwetu mwenye nyumba akifa anawekwa omusika, anakalia kiti chake, na nyumba inaendelea. Nataka ukalie kiti cha Ildefons.”

Benigna alikumbuka siku ya kumaliza msiba. Ukoo ulimweka Karugendo, binamu wa marehemu, kuwa omusika. Akakalishwa kitini, akashikishwa mkuki, akapewa kibanja chote pamoja na migomba ambayo Benigna aliipanda kwa mikono yake. Kisha akapanda gari kurudi Dar es Salaam, na hajaonekana tena. Ilikuwa hivyohivyo mume wa Benigna alipokwenda vitani na mgambo mwaka wa sabini na tisa asirudi: ukoo ulikaa, ukaamua, ukaondoka, naye akabaki na jembe.

“Mwanamke hawi omusika,” alisema.

“Kitabu hakikatazi.”

Wakalifuata boksi. Benigna akakalia kiti cha Ildefons, cha mbao, chenye mkono mmoja uliolegea, na Bernadina akamkabidhi karatasi ya Rugaibula kwa mikono miwili. Penseli ilikuwa imefifia, lakini mwandiko aliutambua: zile saba zenye mkia, alizomgombezea tangu darasa la pili.

Jumamosi ya kwanza Benigna alifundisha vibaya. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mwalimu anatoa jaribio, mwanafunzi anaeleza atakavyolikabili, kisha anarusha dadu yenye pande ishirini kuona kama amefaulu. Benigna alimtuma mchawi wa Bernadina msituni akatenganishe majani yenye ugonjwa na yenye afya.

“Mama, hili ni somo la kilimo.”

“Mchawi asiyejua kutu ya majani ataponya nini? Rusha.”

Bernadina alirusha akapata mbili. Mchawi wake alikula jani bovu, akaharisha juma zima. Walicheka mpaka ndizi zikashika chini ya sufuria, nao wakazila hivyohivyo zikinuka moshi. Jioni Bernadina alipoondoka, Benigna alisimama kwenye migomba hata gari likaacha kusikika.

Alikuwa mtu asiyependa kufanya kazi asiyoijua. Kesho yake, baada ya misa, alikaa barazani na kitabu, akakisoma kama alivyosoma maelekezo ya dawa ya kunyunyizia mibuni: kila mstari, pamoja na yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Kiingereza hakikumsumbua. Kwenye ukurasa wa sitini na moja, chini ya jedwali la madaraja, palikuwa na mistari mitatu. Ilisema kwamba majuma ya mafunzo ni ya mtu wa kubuni, si ya mchezaji. Mchezaji aweza kuyapitisha yote kwa sentensi moja, kisha akaandika daraja jipya papo hapo.

Aliisoma mara mbili. Ikawa wazi kwamba vijana wale hawakuufikia ukurasa huo. Mzungu aliwafundisha kwa mdomo, walikutana mara moja kwa juma, basi wakachukulia kwamba juma la mchezo ni juma la dunia. Miaka yote ile walingoja bure.

Benigna alifunga kitabu. Sentensi moja, na Jumamosi zingekuwa zimekwisha. Akakirudisha chini kabisa ya boksi, akaweka karatasi zote juu yake, akaenda kukata majani ya migomba yaliyokauka, ingawa ilikuwa Jumapili.

Jumamosi ya pili alipika ndizi za ebitoke kwa maharage na samaki. Ya tatu Bernadina alikuja na senene wa kukaanga katika kopo la maziwa, kwa kuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa panzi hao, ulikuwa umeingia. Mchawi alifaulu majaribio mawili. Walikuwa wanakusanya karatasi wakati Bernadina aliposema, kama mtu anayetaja mvua, kwamba mama yake mdogo wa Mwanza ameandika tena.

“Ameandika nini?”

“Alinitafutia kazi kwenye duka la dawa, na mwenye duka yuko tayari kunisomesha. Niliwaambia mwisho wa mwezi. Sasa wanasema nisipofika Jumatatu wanamchukua mwingine.”

“Na wewe unasemaje?”

“Wamchukue. Yamebaki majuma mawili. Ildefons nilimwambia nitamaliza, mama. Alikuwa hawezi hata kushika kikombe, akaniuliza kama nitamaliza.” Alifuta vidole vyenye mafuta ya senene. “Posta vibarua tunapunguzwa mwezi wa kwanza, lakini Mungu yupo.”

Benigna alitazama mikono ya msichana. Mtu aliyepata nafasi ya kusomeshwa hakupaswa kukaa Muleba akingoja kupunguzwa kwa sababu ya mwanamke mmoja na sufuria yake.

Alitoa karatasi zote, akachomoa kitabu chini, akakifungua ukurasa wa sitini na moja na kumsogezea.

“Soma hapo chini.”

Bernadina alisoma midomo ikicheza. Alipomaliza hakuinua macho mara moja.

“Umejua lini?”

“Ile Jumapili ya kwanza.”

“Kwa hiyo Jumamosi ile ya pili ulijua? Na leo?”

“Nilijua.”

“Kwa nini, mama?”

“Nilipata mtu wa kumpikia,” Benigna alisema. “Sina sababu nyingine, na hiyo si nzuri. Toa penseli.”

Bernadina alifunga kitabu. Alitoa penseli. Benigna akajiweka sawa kwenye kile kiti, akashika mkono wake uliolegea, na kwa sauti aliyotumia kwenye mikutano ya wakulima akasema, “Majuma mawili yakapita, na Rugaibula akaona kwamba mwanafunzi wake anajua kazi.”

Msichana alifuta nne akaandika tano. Ilimchukua muda, maana karatasi ilikuwa imechakaa na machozi yalimzuia kuona mstari.

Alipoaga alipiga magoti, kama mtoto wa nyumbani. Lakini hakusema atarudi, na Benigna aliona ni afadhali hivyo. Karatasi yake aliichukua. Boksi alilisukuma upande wa kiti.

“Hili linabaki kwa omusika,” alisema.

Meli ya Mwanza iliondoka Bukoba Jumapili usiku, Bernadina akiwemo. Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likawaka. Benigna alipalilia kitalu, akala, akaosha sahani moja. Kisha akakaa kwenye kiti na kuisoma tena karatasi ya Rugaibula. Alama za kwenda daraja la saba zilikuwa zimetimia tangu kabla Ildefons hajalala kitandani. Alichokosa Rugaibula ni mwalimu. Katika wale wanne hakukuwa na aliyemzidi.

Akachukua kitabu, akafungua ukurasa wa sitini na mbili. Hapo palikuwa na kifungu kuhusu mtu aliyekosa mwalimu. Aweza kujifunza mwenyewe, kitabu kilisema, ila muda wake ni mara mbili. Saba mara mbili ni majuma kumi na manne.

Benigna alijua kwamba sentensi moja ingetosha. Hakuisema. Alichukua kalamu, akaenda kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa karibu na rozari, akatia alama Jumamosi ile, ya kwanza kati ya kumi na nne. Halafu akarudi kitini, akampa Rugaibula jaribio, na kurusha dadu.