Nyama ya Kisigino cha Japhet

Nyama yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi punje ya harage, nyeusi kama imepikwa ikaungua. Omary, tabibu wa zahanati, aliitoa kwenye kisigino cha mwanangu Japhet mwezi wa Juni mwaka 2014. Akaitia kwenye kichupa chenye maji ya dawa, akabandika plasta, akaandika jina juu ya plasta. Kisha akanikabidhi mimi.

"Mama Japhet, hii usikae nayo. Kesho panda gari, ipeleke hospitali Kibondo pamoja na hii karatasi. Wao wataituma Mwanza ikapimwe."

"Ipimwe nini, na wewe umeshaitoa?"

"Ijulikane ni kitu gani."

Japhet alikuwa amelala kifudifudi, mguu umefungwa bandeji, anacheka. "Mwambie ni kitu gani, mawe." Aliniita mawe, kama watoto wetu wanavyoita mama zao kwa Kiha. "Ni msumari wa Nyakitonto huo."

Japhet alikuwa fundi wa kuezeka. Aliwahi kukanyaga msumari kwenye nyumba ya mwalimu mmoja huko Nyakitonto, na doa jeusi lilipoanza kutanuka chini ya kisigino, sote tulisema ni damu ya msumari imevilia. Hakuna aliyefikiri jambo jingine. Lilikuwa haliumi.

Kesho yake gari la Kibondo lilipita kijijini kwetu Makere, nami nilikuwa nalisikia. Sikutoka.

Kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi wala hakipelekwi kwa watu. Kitovu cha mtoto, jino, kidole kilichokatwa na panga, mama mzazi ndiye anayekizika, peke yake, na hasemi alipokizika hata kwa mwenye mwili. Akisema, mwili uliobaki utakifuata. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo. Marehemu mume wangu Laurent, aliyekuwa katekista miaka ishirini na miwili, hakuona dhambi katika hilo. Alisema ni heshima kwa kazi ya Mungu.

Basi nikamwaga yale maji, yalikuwa yanawasha macho, nikaifunga nyama kwenye jani la mgomba, nikaizika. Kichupa nikakitupa chooni, karatasi nikaitia motoni. Nikasali Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Kwa akili yangu niliona kilichokatwa kimekatwa, kukipima ni udadisi tu wa watu wenye darubini.

Baada ya wiki mbili mke wa Japhet, Elieth, akaniuliza, "Mama, Kibondo walisemaje?"

"Hawakusema kitu," nikajibu. Na kweli hawakusema kitu, maana sikuwauliza. Niliungama dhambi nyingi mwaka ule, hiyo sikuihesabu.

Kidonda kilipona. Omary akahamishiwa Gwarama. Japhet akarudi juu ya mapaa.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata nilimwona anashuka ngazi kwa mguu mmoja, mwingine anauburuta. Nikamwita ndani nikamwambia avue suruali. Akagoma, mtu wa miaka thelathini na sita kuvuliwa na mama yake. Nikamwambia nilikuvua kabla hujajua jina lako. Akanionyesha. Kinenani palikuwa na uvimbe kama yai la kanga, mgumu, na alikuwa amekaa nao tangu Krismasi.

Safari hii nilimpeleka Kibondo mwenyewe. Daktari alikuwa mwanamke, Ghati, Mkurya wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Pamoja naye alikuwako muuguzi Kuruthumu, wa Ujiji.

"Fundi, uvimbe huu umeufuga kwa nini?" Kuruthumu akamwambia. "Ulitaka uzae?"

"Nilikuwa naogopa sindano zako, dada."

"Sindano ni moja. Maneno yako ndiyo mengi kuliko mabati."

Daktari Ghati hakucheka. Alikuwa ameshika kisigino, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni ya kovu weusi ulikuwa umeanza kurudi, sikuwa nimeuona. "Hapa palikatwa. Nyama ilipimwa wapi?"

"Hapa hapa," Japhet akasema. "Mama aliileta mwaka jana."

Wote watatu wakanitazama.

"Ee," nikasema. "Niliileta."

Ndipo akatueleza. Alisema ugonjwa huo anauogopa, ni kansa ya rangi ya ngozi, inaitwa melanoma, na kwa watu weusi hupenda nyayo, mahali ambapo mtu hajitazami. Alisema ikishafika kinenani kisu peke yake hakitoshi. Lakini kulikuwa na jambo. Nairobi kulikuwa na utafiti, madaktari wanajaribu dawa mbili kwa pamoja, wanataka watu kumi na wanane wenye kansa ya nyayo kama hiyo. Nafasi mbili zilikuwa hazijapata watu.

"Dawa gani hizo?" nikauliza.

Akakaa kwenye kiti, akashusha sauti. "Mama, mwilini mna askari. Kansa hii inawafunga askari breki, wanasimama wanaitazama tu. Dawa moja inaondoa breki. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa kuna kansa nyingine, hata ukiondoa breki, askari hawaioni. Imejificha. Kila chembe ya mwili ina maandishi ndani yake, tuseme kama Biblia. Kansa haijafuta maneno yote, mengine imeyagundisha tu, kurasa zimeshikana hazisomeki. Dawa ya pili inaachanisha kurasa. Zikisomeka, askari wanamjua adui."

"Na mtu anapona?"

"Wengine uvimbe unanywea. Wengine hapana. Ndiyo maana wanaita utafiti, mama. Sitakudanganya."

Aliposema hilo la mwisho nilitazama sakafu.

Sharti lilikuwa moja gumu. Watafiti walitaka ile nyama ya kwanza, ya kisigino, wasome kurasa zipi zilikuwa zimeshikana tangu mwanzo. Uvimbe wa kinenani haukuruhusiwa kuguswa, kwa sababu ndio watakaoupima kama unapungua. "Kwa hiyo naitafuta hiyo nyama yenu," daktari akasema. "Kama ilipita hapa, iko kwenye daftari. Kama ilikwenda Mwanza, wanayo."

Angalifungua daftari mbele yangu siku ile, labda ningalisema. Alisema tu nendeni nyumbani, nitapiga simu.

Alipiga. Siku ya nne alisema daftari la Juni halina jina la Japhet, anatazama la Julai. Siku ya saba alisema ameandika Mwanza. Siku ya kumi aliniuliza niliyemkabidhi alikuwa mwanamume au mwanamke. Nikasema mwanamke. Mnene? Nikasema sikumbuki. Kila jibu lilinipeleka mbali zaidi na mlango niliopaswa kutokea. Nilikuwa nashika rozari asubuhi na kumwomba Mungu nyama ile ionekane, nikijua iko wapi. Nilijiambia kwamba nikisema ilipo, kilichobaki kitaifuata, nilijiambia namlinda. Na Japhet alikuwa anakonda. Alikuwa anakaa kivulini anawapigia kelele vijana wake wa kazi juu ya paa la jirani, "Hilo bati umelipindisha kama kofia ya mlevi!", halafu anashika paja na kuinama.

Siku ya kumi na saba Elieth akaja kuniambia wameongea, watauza shamba la bondeni, Japhet aende Mwanza mwenyewe akatafute nyama yake maabara kwa maabara. Nikasema subirini. Nikavaa viatu.

Ilikuwa mwezi wa Mei. Magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kubeba wakimbizi kutoka Burundi kuwaleta Nyarugusu. Nilisimama barabarani tangu saa moja hadi saa tano. Nilipofika nilimkuta daktari anakunywa chai amesimama.

"Daktari, usitafute tena. Niliizika."

Akaweka kikombe. "Ulizika nini?"

"Ile nyama. Haikufika hapa. Mimi niliizika nyumbani." Nikamweleza yote, na maji niliyomwaga. "Naweza kuifukua leo hii."

"Mwaka mzima ardhini, bila dawa? Hakuna cha kufukua, mama." Sauti yake ya kuvusha mto ilikuwa imekwisha. Akatoka nje, nikamwona dirishani ameupa mgongo mwembe wa hospitali, simu sikioni. Alikaa muda. Aliporudi alisema angeweza kuwabembeleza wapokee nyama ya kovu, ule weusi mpya, ingawa si ya mwanzo. Wangekubali. Walikuwa wamekwisha kukubali kwa mtu mwingine. Lakini nafasi ya kwanza ilijazwa wiki iliyopita, na ya pili juzi.

"Na kama ningekuambia siku ya kwanza?"

Alinitazama usoni. "Siku ya kwanza zilikuwepo zote mbili."

Kumwambia Japhet nilimwambia mwenyewe, tumekaa wawili, Elieth yuko kisimani. Nilitaka anitukane. Alichomoa jani moja kwenye majani tuliyokalia, akalichana vipande, akauliza, "Uliizika wapi?"

Nikamwambia wapi. Sikuogopa tena.

"Elieth asijue," akasema. "Nikishaondoka atabaki na wewe. Akijua, atarudi kwao na watoto, utabaki na nani?"

Mwezi wa Julai daktari Ghati alikuja Makere mwenyewe na gari la chanjo. Alikuwa na karatasi. Watafiti walikuwa hawana dawa ya kumpa Japhet, lakini waliomba kipande cha ule uvimbe, maana sasa hakuna wa kuupima. Wangekiotesha kwenye vioo vya maabara na kukijaribia zile dawa mbili, wajifunze.

Japhet alikuwa amelala ubavu. "Kwa hiyo mimi sifai, ila kipande changu kinafaa."

"Ndiyo," daktari akasema. "Ni hivyo."

"Angalau huyu hapambi maneno." Akanigeukia. "Mawe, kuzika ni kazi yako. Kikienda hicho hakirudi. Sema."

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwa macho jani la mgomba la kukifungia. Nikasema, "Mpe."

Akaandika jina lake, herufi zimelala. Mimi nikaandika langu chini yake, kama shahidi.

Japhet alifariki tarehe tisa Septemba, saa tatu asubuhi, baada ya kupakwa mafuta na padre. Alikuwa hana kipande cha kinenani wala cha kisigino, na nilimwambia Mungu hivyo wakati wanafunika jeneza, ili ajue wapi pa kutafuta.

Mwishoni mwa Novemba simu ikaita, nikiwa uani. Daktari Ghati alikuwa amehamishiwa Tabora. Alisalimia, akauliza hali ya watoto.

"Mama, Nairobi wameniandikia. Kuhusu kile kipande. Unataka kujua, au niache?"

"Sema."

"Kwenye vioo, zile dawa zilifanya kazi. Kurasa ziliachana. Askari waliiona ile kansa na kuishambulia. Ni vipande vya wagonjwa wachache vilivyofanya hivyo, wamefurahi sana huko."

"Angepona?"

"Kioo si mtu. Mimi na wao, hakuna anayejua."

"Lakini dawa zilimfaa."

"Kwenye vioo, zilimfaa."

Nikamshukuru. Nikamwombea heri na kazi yake. Elieth alikuwa upande wa pili wa ua anapura maharage, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya vumbi, na wanawe wawili wanaokota yaliyoruka.

"Nani huyo, mama?"

"Daktari."

"Anataka nini tena kwetu?"

Nikawatuma watoto wakachote maji. Elieth akaendelea kupura. Nikavuka ua, nikamshika mkono wenye fimbo, nikamwambia aketi, nimjibu lile swali lake la Kibondo.