Arobaini ya Kumush

Mume wangu Sharshen ana mdomo usiofungika hata kwa kufuli. Asubuhi ile nilimwonyesha kwenye simu picha za kamera ya pangoni, nikamnong'oneza: Kumush amejifungua, wawili! Tukakumbatiana. Kisha nikamwambia, "Ole wako umwambie mtu."

Kumush ni chui wa theluji, na mimi ndiye mlezi wake katika bustani ya wanyama hapa chini ya milima. Mwaka jana alizaa, wageni wakaja kuchungulia, kelele zikamtia kiwewe, akawaua wanawe mwenyewe. Niliwazika mimi. Majangili wanawamaliza walioko mlimani, na madume tuliokuwa nao hapa wote walikuwa ndugu zake, kwa hiyo tukaletewa dume mwingine kwa ndege kutoka mbali. Nikisema hawa watoto wawili wapya walikuwa roho yangu, sitii chumvi.

Nilipokwenda kuchukua nyama, Sharshen alikuwa ameshapanda farasi. Kwetu mwenye habari njema hupaza sauti, "Suyunchu!" na anayeisikia hana budi kumpa zawadi. Alizunguka mji mzima. Akarudi na kofia mpya ya manyoya na umati nyuma yake, kila mtu na zawadi yake, maana kwetu mtoto mchanga hatazamwi mikono mitupu: mikate, siagi, hata kondoo akilia mee.

"Baba watoto, umeniua!"

"Furaha ilinizidi, mke wangu."

"Furaha au kofia?"

Akaishusha kofia mpaka machoni. Bubusara, muuza maziwa, bibi ambaye sote humwita Apa, yaani mama, akajipenyeza hadi langoni. "We Burulcha, tumekuja mikono imejaa, halafu unatufungia lango? Adabu umeiacha wapi?"

Na kweli, kwetu aliyeshika zawadi harudishwi. Kwenye simu nilimwona Kumush amesimama, masikio ameyalaza, mwanawe mmoja mdomoni. Mwaka jana ilianza hivyo hivyo.

"Apa," nikasema, "mkweo alipojifungua, nani ulimruhusu amwone mtoto kabla ya arobaini?"

"Nani? Hata dada yangu nilimfukuza! Ana kijicho yule, akimtazama mtoto tu..." Akakatiza maneno. Akageukia umati, ndoo yake ya maziwa ameiinua juu. "Nyie wehu! Hamjui kuna mzazi humu ndani? Shusheni sauti! Na huyo kondoo mrudisheni kwao!"

Basi wakatandika mazulia mbali na ukuta, wakala zawadi zao wenyewe kwa kunong'ona. Watu wazima walikuwa wakicheka huku wamejiziba midomo. Nami niliikodolea macho simu mpaka Kumush alipomlaza mwanawe chini, akawazungushia wote wawili mkia wake mnene, akalala.

Arobaini ilipotimia, niliwaingiza watu wachache wachache. Sharshen alikuja mbio awe wa kwanza. Nikamzuia mlangoni.

"Zawadi yako iko wapi?"

"Mimi? Mumeo?"

"Wewe. Au hutaki kuwaona?"

Akaivua kofia, akaitazama kwa huruma, akanikabidhi. Kisha akachungulia. Juu ya jiwe watoto wawili walikuwa wakiugombania mkia wa mama yao, nao wanene, wazima. Sharshen akafungua mdomo, na tangu anioe ndiyo mara ya kwanza nilipomwona amekosa la kusema. Nililia kwa furaha, nikajifutia machozi kwa kofia yake.