Darasa la Sauti Moja

Mwalimu wa darasa la pili aligonga rula mezani, akasoma sentensi kwenye kitabu cha mwongozo, na darasa zima likairudia. Akagonga tena, wakairudia tena. Ndivyo mbinu mpya ilivyotaka: neno lisilokuwemo kitabuni lisimtoke mwalimu, na mtoto asiseme lake. Maelekezo yalichapwa kwa herufi za mlazo ili mwalimu asiyasome kwa sauti. Wiki ya kwanza alijisahau akasoma "tabasamu, kisha subiri", na watoto wakaitikia "tabasamu, kisha subiri", nyuso kavu kama mbao. Alicheka peke yake, maana kucheka pamoja hakukuwemo kitabuni.

Kabla muhula haujafika katikati, watoto walianza kuzungumza kwa sauti ya mwalimu wao. Ilianzia safu ya mbele, ikaenda nyuma taratibu kama mafua. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa chaki. Wazazi waliizoea upesi. Baba mmoja alilalamika tu kwamba mwanawe akiomba chai, yeye hujikuta amesimama wima.

Mtoto ambaye wenzake walimpa jina la Kufuli, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kufunguka darasani, naye alianza kusoma. Bibi yake alikuja shuleni kushukuru, akamshika mwalimu mikono yote miwili.

"Jana kanisomea karatasi ya dawa zangu, mwanangu, mwanzo mpaka mwisho."

"Kwa sauti gani, bibi?"

"Yako. Sasa ulitaka asome kwa ya nani? Yake si hakuwa nayo."

Mwalimu alifurahi, lakini si kwa moyo wote. Mtoto wake wa pekee alikuwa darasa hilohilo, dawati la dirishani. Binti huyo alikuwa na sauti nyembamba yenye kithembe, na maswali yasiyokwisha: kwa nini maji hayana rangi, nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Mama yake alikuwa akimsihi anyamaze walau mpaka chakula kiive. Sasa binti hakuuliza kitu. Aliomba alichohitaji kwa sauti ya mama yake, na muda uliobaki alisema ya kitabuni: "Hii ni sufuria. Sufuria ina maji." Mama aliitikia ndiyo, ina maji, akageukia jiko, akalia.

Asubuhi moja alifungia kitabu na rula kabatini. Akawaambia watoto kila mmoja aseme alichokiona njiani. Walitazamana, wakakohoa, kisha sauti zao zikaanza kurudi, hii ikikwama, ile ikipanda juu mno. Binti yake aliinua mkono akauliza, kwa kithembe chake, kama kivuli huumia kikikanyagwa. Mwalimu alicheka kwa furaha. Ndipo ikafika zamu ya Kufuli. Alisimama, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakaa, akainamisha kichwa, na wenzake wakaanza kumwita jina lake lile.

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni.

"Mwalimu, humu mna sauti nyingi."

"Nilitaka kuwasikia kidogo tu."

"Nakuelewa. Hata mimi niliwahi kuwa na darasa. Lakini shule imepongezwa kwa mbinu hii, na wakaguzi hawapigi hodi. Asiyeiweza anahamishwa, na huko aendako wanaitumia hiyohiyo. Toa kitabu, dada yangu."

Alikitoa. Alijiambia ni kwa ajili ya Kufuli, na ilikuwa kweli, ingawa alijua hata bila Kufuli angekitoa. Rula ikagonga. Kufuli akasoma ukurasa mzima bila kukwama, uso ukimng'aa, na binti wa dirishani akaitikia pamoja na wenzake.

Shida ilikuwa wakati wa mapumziko. Kila mtoto aliyejikwaa uwanjani alimlilia mama yake, na kilio kilifika chumba cha walimu kwa sauti ileile. Mwanzoni mwalimu alitoka mbio kila mara, akikuta ni mtoto wa watu, akimpangusa magoti. Wenzake wakamtania kwamba anajiita mwenyewe. Akaanza kuinuka polepole, baadaye akawa anainua kichwa tu, na mwisho akawa anaendelea kusahihisha madaftari.

Siku moja kilio kilitoka nyuma ya matangi ya maji. "Mama! Mama!" Kilikuwa kirefu kuliko kawaida. Alimaliza rundo lake, akanawa chaki mikononi, ndipo akaenda kuangalia. Binti yake alikuwa ameketi chini, mkono umevunjika, machozi yameshamkauka.

"Nilikuita."

"Nilikusikia," mama alisema. "Nilidhani ni mtoto mwingine."

Binti aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mama alimbeba mgongoni mpaka hospitali akimwomba radhi njia nzima, na kila alipojibiwa "haya, mama", ilikuwa kama anajisamehe mwenyewe, na haikumsaidia.

Wiki iliyofuata mtoto alirudi darasani, mkono ukiwa kwenye plasta. Rula ikagonga. Mwalimu akasoma, "Mama amekuja. Mama amekuja na kikapu." Darasa likaitikia. Alitega sikio upande wa dirisha, akasikia sauti yake mwenyewe tu, akafungua ukurasa unaofuata.