Glavu za Wageni

Uvumi ulimfikia Anjelina akiwa anasukuma chapati, ukamganda kama unga wa ngano chini ya kucha. Ulisema hivi: wasichana wa kiwanda cha mkaa wa maganda ya korosho, vidole vyao vimekufa. Wakienda kusajili laini za simu, mashine inawakataa. Inawaona maiti.

"Maiti gani wanaomaliza chapati zangu kila asubuhi?" Anjelina alimjibu kondakta aliyemletea maneno hayo, na watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Kunywa chai yako, baba, basi litakuacha."

Lakini chapati iliyofuata aliiunguza. Binti yake, Restuta, alikuwa mmoja wa wasichana hao.

Kazi ile aliitafuta Anjelina mwenyewe. Yeye ni Mmakonde aliyeteremka na mumewe kutoka Newala, akazikwa mume hapa hapa Nangurukuru, naye akabaki njia panda na sufuria zake. Alianza kwa kupikia kuni. Kuni zilipokuwa mbali akahamia mkaa wa miti, nao kila malori ya Dar yalipopita kuuzoa, bei ikaruka na magunia yakapungua matumbo. Macho yalimwasha, kifua kilimbana, na masizi yaliingia hadi kwenye mikunjo ya kanga. Kiwanda kilipofunguliwa nyuma ya stendi, akawa mteja wa kwanza. Vipande vya mkaa wake ni vya mviringo, vikishika moto havitoi moshi, na sufuria inabaki nyeupe chini. Kikohozi kikamwacha. Hakuna aliyemlipa asifu. Alisifu kwa hiari yake, kwa sauti, mpaka abiria wa mabasi wakawa wanashuka kununua.

"Mkaa huu haujakata mti wa mtu," alizoea kusema. "Ni maganda tu, yale tuliyokuwa tunayatupa."

Kwa hiyo uvumi ulipofika hakuwa mama wa kukimbia kumtoa mwanawe kazini. Alikuwa mama wa kwenda kuona kwa macho yake. Alimwachia jirani karai la chapati, akampitia Restuta nyumbani, wakaongozana hadi kwa Bashiru, kijana anayesajili laini chini ya mwavuli pembeni mwa stendi.

Siku ile ilikuwa na mambo mawili juu yake. Mshahara wa kiwandani huingia kwa simu, na laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zinakaribia kufungwa. Tena mchana wageni wa mradi walikuwa wanakuja, na Restuta alikuwa amechaguliwa kwenda Kinjumbi kuwafundisha wasichana wa kiwanda kipya. Anjelina alishaitangaza safari hiyo njia panda nzima.

"Shikamoo, mama Restuta."

"Marahaba, mwanangu. Msajili dada yako, upesi, tuna wageni."

"Dakika sifuri. Dada, weka dole gumba hapo."

Restuta akaweka. Mashine ikalia, taa ikawa nyekundu. Akafuta jasho kwenye kanga, akaweka tena. Nyekundu. Wakajaribu kidole cha shahada, wakahamia mkono wa kushoto.

"Hii hina ndiyo inazingua," alisema Bashiru. "Nenda kaoshe."

"Hina inatoka kwa maji? We Bashiru hujaoa nini?"

Watu wa foleni wakacheka. Anjelina hakucheka. Aliushika mkono wa mwanawe, akauinua juani. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu iliyokolea kuelekea nyeusi, kama za bibi harusi. Aliupitisha ukucha wake juu ya dole gumba. Hapakuwa na mistari. Ngozi ilikuwa nyororo, inang'aa kama kokwa ya ukwaju, na pembeni ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Hina hii ni ya nini, Restuta?"

"Urembo tu, mama."

"Restuta."

Binti aliangalia chini. "Da Mboni wa kiwandani alitufundisha. Mafuta ya maganda yanaunguza, mkono unakuwa mweusi. Mtu ukimpa mkono anausitasitia. Ukipaka hina hapaonekani."

"Na mimi miezi yote nasema mtoto kapata mwanamume!"

"Angekuwepo si ungeshamfukuza?"

Mafuta yale nani asiyeyajua? Mtoto yeyote wa ukanda huu aliyewahi kung'ata korosho mbichi anayajua kwa midomo yake. Ndiyo maana mwanamke anayebangua korosho nyumbani hupaka kwanza majivu mikononi, au mafuta ya nazi, ndipo akae kwenye jamvi.

"Mbona hampaki majivu?"

"Wamekataza. Majivu yanaharibu vipimo, mafuta ya nazi yanafanya mkaa usishikane. Wamesema tutavaa glavu."

"Ziko wapi?"

"Kabatini."

Bashiru alikohoa. "Mama, tusajili kwa dole lako. Laini iwe na jina lako, mambo yaishe."

"Jina lisipokuwa langu mshahara hauingii," alisema Restuta.

"Basi vipumzishe vidole, dada, vitarudi taratibu. Wenzio nao nimewarudisha. Siyo mashine mbovu, ni kweli havisomi."

Kondakta hakuwa amesema uongo, kumbe. Aliongeza chumvi tu.

Kiwandani walikuta turubai jipya limefungwa getini, limeandikwa kwa herufi za kijani: AJIRA YA KIJANI, PWANI YA KIJANI. Bwana Benjamini, msimamizi, alikuwa amechomekea shati na anagawa glavu kutoka kwenye beseni, za buluu, ndefu hadi kwenye viwiko, bado zina harufu ya dukani. Anjelina naye alikuwa amealikwa, kama mteja, aje awakaangie wageni chapati kwa mkaa wa pale pale. Aliwasha jiko. Alitaka kwanza asikie.

Wageni wakafika na gari mbili. Mama mmoja mwenye kofia ngumu alisema na wafanyakazi vizuri, bila majivuno. Alisema mvua zinabadilika kwa sababu misitu inaisha, na dawa mojawapo ni kazi kama hii. Alisema kutoka Lindi hadi Kilwa kila penye korosho patakuwa na kiwanda, na wasichana hawa ndio mafundi wa kesho. Anjelina aliamini kila neno. Aliona kabisa Restuta akisimama Kinjumbi mbele ya watu, anaelekeza. Hapo ndipo palipomuuma: maneno yalikuwa ya kweli, na mikono ilikuwa ya kweli vilevile.

Wageni walipiga picha, wakasifu chapati, wakaondoka. Vumbi lao halijatua, Bwana Benjamini akatokea na beseni.

"Haya kina dada, glavu."

Wasichana wakaanza kuvua.

"Restuta, usivue," Anjelina alisema kutoka jikoni.

"Mama, wewe ni mteja hapa," alisema Benjamini. "Asante kwa chapati."

"Karibu. Usivue, mwanangu."

"Mama Restuta, nielewe. Glavu hizi zimeandikwa stoo. Zikichakaa kabla ya ukaguzi, anayeulizwa ni mimi."

"Na ngozi ikichakaa, anaulizwa nani?"

Mboni, mkubwa wao, alicheka kwa pua. "Ngozi haina namba ya stoo, shoga."

"Mnadhani mimi napenda?" Sauti ya Benjamini ilipanda. "Nimeomba nyingine tangu kiangazi. Jibu ni lile lile, subiri bajeti. Sasa nisikilizeni. Asiyerudisha glavu, Kinjumbi haendi."

Restuta alimwangalia mama yake. Anjelina alimtakia mwanawe safari ile kuliko kitu chochote. Moyo ulimwambia sema avue, leo tu, tutazungumza kesho. Akaushikilia mwiko.

"Bwana Benjamini," Restuta alisema polepole, "Kinjumbi naenda kuwafundisha nini? Kupaka hina?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye lundo la maganda, akapiga magoti, akaizamisha mikono yote miwili na glavu zake mpaka kwenye viwiko. Aliyachota maganda, akayachambua takataka, akayakandamiza kwenye karai. Mafuta meusi yakatapakaa kwenye ile buluu. Glavu ya namna hiyo hairudi kabatini.

Mboni akaangalia, akasema, "Ala! Kumbe kazi yenyewe rahisi hivi," akapiga magoti pembeni yake. Waliokuwa wamevua wakazichukua tena kutoka kwenye beseni, mbele ya macho ya msimamizi, wakazivaa. Punde hapakuwa na glavu hata moja ya kupigia picha.

Bwana Benjamini alisimama na beseni tupu. Akaingia ofisini. Jioni alitoka na uamuzi: Restuta amefutwa safari ya Kinjumbi, na mshahara wake utangoja mpaka vidole visome. Ila mtu wa kwenda lazima apatikane, na hakuna ambaye hakuchafua, kwa hiyo ataenda Mboni. Restuta alilia kidogo njiani. Kesho yake alfajiri alikwenda kazini, na hakuna aliyemwomba arudishe glavu.

Mboni alipopanda gari la Kinjumbi, Anjelina alimfungia chapati, akamtwika na maneno ya kuwapelekea kina mama wa kule, wenye mabinti watakaoingia kiwandani. Ni haya:

Epukeni kuwakataza watoto kazi hii kwa sababu ya uvumi. Kazi ni nzuri, na mkaa ni mzuri.

Epukeni kuyashika maganda kwa mikono mitupu, hata kwa kazi ndogo, hata kama msimamizi ana haraka.

Epukeni kuacha majivu na mafuta ya nazi kwa ahadi ya glavu. Acheni siku glavu ziko mikononi.

Epukeni hina juu ya kidonda. Mkono ukiungua, uonekane.

Epukeni kusajili laini baada ya kuanza kazi. Sajilini kabla.

Epukeni kumwachia binti mmoja agome peke yake. Wetu alilipa kwa safari yake.

Na mkienda kiwandani, epukeni kudanganywa na glavu safi. Ukizikuta safi, omba kuiona mikono.