Zabibu za Juu

Speciosa alikuwa kibarua kwenye shamba la baba yake mwenyewe. Usishangae, huku Rumonge, kando ya ziwa, mambo hayo yapo. Alichuma zabibu mgongo ukimuuma, vidole vimepasuka kwa mkasi, na kila alipofika mstari wa mwisho kule juu kilimani, alipinda asikanyage mahali fulani. Hapo alilala baba yake, Dismasi, aliyezikwa kabla familia haijakimbilia Tanzania. Waliporudi walikuta michikichi yao imekatwa, mizabibu imepandwa, na Protasi, ndiye patroni, mwenye shamba sasa, ana karatasi za ardhi zenye mihuri.

Speciosa alishitaki. Watu wa mashamba, wale wa serikali wanaoamua kesi za ardhi, wakamsikiliza.

"Mashahidi yako walikufa, mama," wakamwambia. "Lakini uko na kaburi? Siku tutapanda kule, utuonyeshe. Kaburi haidanganye."

Basi akafunga mdomo. Protasi angejua lilipo, mifupa ingetupwa ziwani kabla hakujapambazuka. Akaomba kazi humo humo shambani, apate kulilinda.

Siku wageni wa Bujumbura walipokuja kuonja divai, alivalishwa aproni nyeupe, akaambiwa amimine. Protasi akainua glasi yake.

"Hii rouge, hii divai nyekundu, ni melange, tumechanganya," akasema. "Zabibu za chini, za karibu na ziwa, zinaleta rangi. Za juu, za mustari wa mwisho, ndiyo zinaleta utamu. Na ule utamu ni udongo. Udongo ya wazee wetu."

Wazee wetu. Speciosa alikuwa amemeza mengi, hata kuitwa mukimbizi kwao alikozaliwa, ila hili hakuweza kulimeza. Alijua fika anapaswa kunyamaza. Hakutaka. Alitaka kumwaibisha yule mtu, basi, liwalo na liwe. Akangoja wageni wanywe mpaka wote wakawa wamemeza.

"Ule utamu ni baba yangu," akasema taratibu. "Analala kule, chini ya muzabibu wa mwisho. Mizizi inamukula, na nyinyi mumemunywa. Muende naye kwenu."

Mwanamke mmoja alitemea kwenye leso. Mwingine aliweka glasi chini, akaisukuma mbali. Uso wa Protasi ulisawijika, na Speciosa akaona raha, raha tupu, akatamani watapike wote pale mezani. Alifukuzwa kazi palepale, akateremka kilima akicheka peke yake.

Watu wa mashamba walipokuja hatimaye, aliwaongoza mwenyewe hadi mstari wa mwisho, akihema.

Kaburi lilikuwepo. Lilikuwa limejengewa simenti na kufunikwa vigae, na juu yake msalaba wenye maandishi: MUZEE WETU DISMASI. FAMILIA PROTASI. Protasi mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yake, kofia mkononi.

"Huyu ni baba yangu," Speciosa akasema.

"Mama, tulikuambia kaburi haidanganye," mkubwa wao akajibu kwa upole. "Kaburi iko. Na iko na jina ya familia. Soma."

"Ameiandika juzi. Angalieni simenti, haijakauka vizuri."

"Tunajenga wazee wetu tukipata nafasi," Protasi akasema. "Ni kosa?"

Akafungua chupa, akammiminia muzee juu ya vigae. Kisha akatoa glasi, na wale watu wa mashamba wakanyoosha mikono, kila mmoja yake. Wakanywa wamesimama, wakasifu utamu.

Speciosa aliinama kutafuta jiwe la kumpiga nalo Protasi. Akapapasa huku na huku. Vilikuwa vigae vitupu, vimelowa divai, vinateleza.